Damu imetoka hasi, lakini kondoo wanaendelea kuhema: ni kipimo gani kinachothibitisha saratani ya mapafu ya kuambukiza?

ZiziKubwa ameuliza:

Salamu kwenu nyote mnaojishughulisha na kondoo, na hasa madaktari wa mifugo walio humu. Ninafuga kundi la kondoo majike wa umri mchanganyiko, na kwa muda sasa baadhi yao, karibu wote wakiwa na umri wa miaka miwili hadi minne, wamekuwa wakikonda ingawa wanakula vizuri. Wakiwa wamelala au wakila majani taratibu huwezi kuwatambua. Wakiswagwa kurudi zizini ndipo wanapobaki nyuma, wanahema kwa nguvu huku pua zimetanuka, na ukisogeza sikio unasikia mlio wa majimaji kifuani. Joto la mwili kwa wengi wao ni la kawaida. Antibiotiki huwapa baadhi yao nafuu ya muda mfupi, kisha hali hurudi pale pale, na mwisho wake huwa ni kifo.

Mmoja alipokufa alipasuliwa. Mapafu yake yalikuwa mazito, hayakunywea baada ya kifua kufunguliwa, na bomba la pumzi lilikuwa limejaa povu. Aliyeyaona alitaja uwezekano wa jaagsiekte, yaani saratani ya mapafu ya kondoo inayosababishwa na kirusi, lakini hakuna sampuli iliyopelekwa maabara. Baadaye tulichukua damu ya kondoo kadhaa, wakiwamo wanaohema, na kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya kirusi, kimetoka hasi kwa wote.

Ninaomba kufahamu mambo mawili. Je, matokeo haya yananiruhusu kusema kwamba kundi langu halina ugonjwa huu? Na kama hayaniruhusu, je, kuna kipimo cha kingamwili, mithili ya kile kinachotumika kwa maedi-visna (au maedi kwa kifupi, ugonjwa mwingine wa kirusi unaoshambulia mapafu ya kondoo), ambacho kingenipa jibu la uhakika kwa kondoo aliye hai?

Hadubini amejibu:

Ndugu ZiziKubwa, jibu la maswali yako yote mawili ni hapana, na sababu zake zinafaa kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ndizo zinazoufanya ugonjwa huu uwe mgumu kuliko mengi ya mapafu.

Nianze na kingamwili. Kirusi kinachosababisha uvimbe huu, JSRV, ni retrovirusi, yaani kirusi kinachopachika vinasaba vyake ndani ya vinasaba vya seli, na kina jamaa zake wa karibu sana ndani ya vinasaba vya kila kondoo. Katika historia ndefu ya kondoo, virusi vya ukoo huo viliingia kwenye chembe za uzazi na kurithishwa, hata leo kila kondoo, mzima au mgonjwa, amezaliwa na takriban nakala 27 za virusi hivyo katika vinasaba vyake. Baadhi ya protini zake huonekana mwilini tangu mtoto akiwa tumboni, wakati ambapo kinga inajifunza kutofautisha kilicho cha mwili na kilicho kigeni. Matokeo yake ni kwamba kirusi halisi kinapoingia kutoka nje, kinga hukichukulia kuwa ni cha nyumbani na haikitengenezei kingamwili zinazoweza kupimwa. Kwa hiyo hakuna kipimo cha ELISA, yaani cha kutafuta kingamwili katika damu, cha ugonjwa huu, wala hakitapatikana kwa kuboresha tu vipimo vilivyopo, kwa kuwa kinachotafutwa hakimo ndani ya damu. Maedi-visna ni tofauti kabisa: kondoo aliyeambukizwa hutengeneza kingamwili, ndiyo maana kundi zima linaweza kupimwa damu na wenye maambukizi wakatengwa.

Sasa PCR. Kipimo hiki hutafuta vinasaba vya kirusi chenyewe, na maabara hulazimika kulenga sehemu inayotofautisha kirusi cha nje na zile nakala za kurithi, la sivyo kila kondoo duniani angetoka chanya. Tatizo ni kwamba katika damu kirusi hukaa ndani ya seli nyeupe chache mno. Kondoo yule yule anaweza kutoka chanya leo na hasi mwezi ujao, na hata mwenye uvimbe mkubwa anaweza kutoka hasi. Majimaji yaliyosafishwa kutoka ndani ya mapafu hutoa majibu bora kuliko damu, lakini kuyachukua kunahitaji dawa ya usingizi au ya kutuliza na mkono uliozoea kazi hiyo, jambo ambalo halitekelezeki kwa kundi zima.

Kuna upande wa pili ambao wafugaji wengi huusahau. Hata damu ikitoka chanya, haimaanishi kwamba kondoo huyo ana uvimbe. Katika makundi ambamo kirusi kimekaa kwa miaka, kondoo wengi wanaokibeba huishi maisha yao yote ya uzalishaji bila kupata uvimbe unaoonekana. Damu, basi, inagundua baadhi ya maambukizi na haisemi lolote la hakika kuhusu ugonjwa. Matokeo yako yote hasi ningeyasoma hivi: kirusi hakikuonekana katika mirija ile ya damu. Nisingethubutu kuongeza hata neno moja zaidi ya hapo.

Uthibitisho unaokubalika hutokana na mapafu ya mnyama aliyekufa au aliyechinjwa, yakiangaliwa kwa macho kwanza, kisha tishu zake kwa hadubini. Uvimbe huu hutokana na seli zinazotanda ndani ya vifuko vya hewa na njia ndogo za hewa, hususan seli za aina ya pili ambazo kazi yake ya kawaida ni kutoa ute unaozuia vifuko hivyo visishikane. Zinapozaliana bila mpaka hutoa majimaji kupita kiasi, na hilo ndilo povu mlilolikuta. Kwenye kipande cha tishu tunaweza pia kutumia kingamwili zilizotengenezwa maabara zinazonasa protini ya ganda la kirusi. Protini hiyo ndiyo yenyewe inayochochea seli kugeuka kuwa saratani, jambo lisilo la kawaida miongoni mwa virusi, na ikionekana ndani ya seli za uvimbe hakuna ubishi unaobaki.

DaktariWaMbugani amejibu:

Nakubaliana na Hadubini kwa yote, nami naongeza chombo ambacho kimebadilisha sana kazi hii kwa kondoo walio hai, yaani ultrasaundi ya kifua. Huko Uskoti, ambako ugonjwa huu ni wa kawaida, madaktari wa mifugo wanaitumia kupima makundi mazima, na kwa mtu aliyezoea kila kondoo huchukua dakika moja au pungufu.

Kazi yenyewe inafanyika hivi. Kondoo hushikwa akiwa amesimama, na kichwa cha mashine huwekwa nyuma ya kwapa, mahali ambapo ngozi haina sufu, hivyo mara nyingi hakuna haja ya kunyoa. Ngozi hulowanishwa kwa jeli au maji ya uvuguvugu. Daktari huanzia chini, pale ambapo pafu linakaribiana na moyo, kwa sababu sehemu za mbele na za chini za pafu ndizo zinazoathiriwa mara nyingi, kisha hupanda juu na kurudi nyuma kati ya mbavu, pande zote mbili. Pafu zima lililojaa hewa hurudisha mawimbi yote ya sauti, na kwenye kioo linaonekana kama mstari mweupe unaong'aa, wenye mistari mingine inayofanana nao chini yake, ukiteleza mbele na nyuma mnyama anapopumua. Uvimbe ukifika kwenye uso wa pafu, mstari huo hukatika ghafla, na mahali pake huonekana eneo la kijivu lililojaa, linalofanana na picha ya ini. Mwenye uzoefu huweza kuona uvimbe wenye upana wa sentimita moja au mbili, na wakati huo mfugaji hajaona dalili yoyote.

Lakini msiichukulie ultrasaundi kuwa ni jicho linaloona kila kitu. Mawimbi ya sauti hayapiti kwenye hewa, kwa hiyo uvimbe uliozungukwa na pafu lenye hewa, usiogusa uso wake, hauonekani hata ukiwa mkubwa kiasi. Uvimbe mchanga pia hupita bila kugunduliwa. Kwa upande mwingine, nimonia iliyolijaza pafu, au majipu yaliyoachwa na bakteria, huweza kumchanganya mpimaji, na nadhani hapa ndipo tofauti kati ya aliyefundishwa vyema na aliyenunua mashine jana inapojitokeza. Jipu kwa kawaida lina ukuta wa mviringo unaoonekana, na usaha wa ndani una madoadoa. Nimonia mpya huambatana na homa na hubadilika kwa matibabu. Ukiwa na shaka, mtie kondoo alama, mtibu, mtenge, kisha umpime tena baada ya wiki chache: uvimbe wa saratani haupungui.

Kwa hiyo ultrasaundi hugundua uvimbe, na haigundui maambukizi. Kondoo aliyepita leo anaweza kuwa na kirusi na kuanza kuota uvimbe kabla ya msimu ujao. Ndiyo maana inapendekezwa kundi lipimwe kwa kurudiarudia, angalau mara moja kwa mwaka na ikiwezekana mara mbili, na kila anayeonekana na uvimbe aondolewe mara moja. Wengine huunganisha kazi hii na upimaji wa mimba ili kondoo wasisumbuliwe mara mbili.

MzeeWaMalisho amejibu:

Nimesoma kwa makini, na sina ubishi na wataalamu. Nashangaa tu kwamba hakuna aliyetaja njia ya zamani ambayo haigharimu chochote: unamshika kondoo miguu ya nyuma, unaiinua juu ili kichwa kielekee chini, na kama ana ugonjwa huu majimaji meupe yenye povu yanatiririka puani. Nimeiona ikifanya kazi, na majimaji yanaweza kujaza kikombe. Kwa mfugaji aliye mbali na maabara, kuna sababu gani ya kuzungukazunguka?

Vilevile ningependa kumtahadharisha ZiziKubwa asiuangalie ugonjwa mmoja tu. Kondoo anayekonda huku anakula anaweza kuwa na minyoo ya tumboni, minyoo ya ini, meno mabovu au ugonjwa wa utumbo wa Johne. Anayehema anaweza kuwa na minyoo ya mapafu, maedi-visna au nimonia ya kawaida ya bakteria. Mambo haya ni mengi zaidi kuliko saratani, na baadhi yake yana tiba.

DaktariWaMbugani amejibu:

Mzee wangu, tahadhari yako ya mwisho ni ya msingi, na ningependa kila anayesoma hapa aizingatie. Hata hivyo maelezo ya muulizaji yana mchanganyiko usio wa kawaida: hamu ya chakula ipo, homa haipo, mlio ni wa majimaji, kuhema kunazidi kwa mwendo, na povu limeonekana katika mzoga. Maedi-visna nayo hukondesha na kuhemesha kondoo wazima, lakini pafu lake huwa kavu na gumu kama mpira, na majimaji hayatoki puani. Minyoo ya mapafu huwasumbua zaidi wadogo na huambatana na kikohozi, na kinyesi kinaweza kupimwa kuitafuta. Jambo la kuchunga ni kwamba magonjwa haya hukutana ndani ya mnyama mmoja. Pafu lililojaa majimaji hushambuliwa kirahisi na bakteria kama Mannheimia haemolytica, na mara nyingi nimonia hiyo ndiyo inayomalizia maisha ya kondoo. Hii inaeleza kwa nini antibiotiki huleta nafuu ya muda: zinatibu nimonia iliyopanda juu ya saratani, na saratani yenyewe haina dawa wala chanjo.

Kuhusu kuinua miguu ya nyuma, naomba niseme wazi ingawa najua njia hii inapendwa. Majimaji mengi ya povu yakitoka, jibu karibu halina shaka. Yasipotoka, hujajua kitu, maana wagonjwa wengi hawatoi majimaji, hasa walio katika hatua za mwanzo, na kuna namna nyingine ya ugonjwa ambayo uvimbe wake ni vinundu vyeupe, vigumu na vikavu, visivyoonesha dalili kwa muda mrefu. Kipimo hicho, basi, huwapata wale tu ambao tayari wamekwisha kueneza kirusi kwa wenzao. Zaidi ya hayo, kinamtesa mnyama ambaye tayari anakosa pumzi, na baadhi hufia mikononi. Binafsi sikubali kifanywe kama kipimo cha kawaida cha kundi. Kikifanywa kwa mnyama mmoja mahututi na majimaji yakatoka, mnyama huyo asirudishwe zizini. Aondolewe mateso hapo hapo, na mapafu yake yachunguzwe.

ZiziKubwa amejibu:

Nawashukuru sana. Sasa nimeelewa kwamba nilikuwa naidai damu ijibu swali ambalo haina uwezo wa kulijibu. Naomba ufafanuzi zaidi. Ninatarajia kununua madume wapya, na muuzaji ananiambia kwamba wamepimwa damu na ni wazima. Je, nina namna yoyote ya kujilinda? Je, wana-kondoo majike waliozaliwa na mama wagonjwa naweza kuwaweka kwa ajili ya uzazi? Na je, kuna hatari kwa mbuzi ninaowalaza karibu nao, au kwa sisi tunaowahudumia?

DaktariWaMbugani amejibu:

Nianze na la mwisho kwa kuwa ni fupi: kirusi hiki hakijulikani kusababisha ugonjwa kwa binadamu. Mbuzi huambukizwa kwa nadra, na uvimbe wao huwa mdogo. Hata hivyo kuwatenganisha na kondoo wagonjwa ni busara kwa sababu nyingine nyingi za kiafya.

Kuhusu madume, cheti cha damu kina thamani ndogo sana. Mfano unaotajwa kila mara ni wa Iceland. Mwaka 1933 nchi hiyo iliingiza kondoo wa aina ya Karakul kutoka Ujerumani, walioonekana kuwa na afya njema na waliowekwa karantini. Pamoja nao viliingia jaagsiekte na maedi, na Iceland ilifanikiwa kuiondoa jaagsiekte mwaka 1952 kwa kuchinja makundi yote katika maeneo yaliyoathirika na kuyajaza upya kwa kondoo safi. Karantini haikuweza kusaidia kwa sababu ugonjwa huu hufichama kwa miezi mingi, na mara nyingi kwa miaka, kabla dalili hazijaonekana.

Badala ya cheti, ulizia historia ya kundi la muuzaji. Je, kondoo wazima wanaokufa hupasuliwa? Machinjio yanamrudishia taarifa gani kuhusu mapafu? Je, kundi hupimwa kwa ultrasaundi kila mwaka, na kwa miaka mingapi limetoka bila uvimbe? Muuzaji anayejibu maswali haya bila kusita anakupa habari nyingi kuliko karatasi ya maabara. Kisha uwapime madume kwa ultrasaundi kabla ya kuwanunua na uwapime tena baada ya miezi kadhaa, huku ukiwaweka mbali na majike wengine kadiri inavyowezekana.

Kuhusu wana-kondoo, nakushauri usiwaweke. Kirusi husafiri kwa matone ya pumzi na majimaji ya puani, lakini hupatikana pia katika dang'a na maziwa, na wadogo huambukizwa kwa urahisi kuliko wakubwa. Mtoto aliyenyonya kwa mama mwenye uvimbe amekaa pua kwa pua na chanzo cha kirusi kwa muda wote wa kunyonya. Mnenepeshe kwa ajili ya nyama, umwondoe kabla hajafikia umri wa kuugua.

Msongamano nao ni jambo lisilopaswa kudharauliwa. Kondoo waliofungiwa ndani, wanaokula kwenye hori moja huku wakipuliziana pumzi, huambukizana haraka zaidi kuliko walio uwandani. Dolly, yule kondoo wa kwanza kuzalishwa kutokana na seli ya kondoo mzima, alikuwa akiishi ndani ya banda katika taasisi ya utafiti ya Roslin huko Uskoti. Mwezi Februari 2003, akiwa na umri wa miaka sita, aligunduliwa kuwa na uvimbe huu mapafuni na akaondolewa mateso, na kondoo wengine pale walikwisha kuugua ugonjwa huo huo. Ukilazimika kuwafungia ndani, wagawe kwa umri, na usiwaweke vijana pamoja na majike wazee.

Hadubini amejibu:

Naongeza la kiutendaji, kwa kuwa hatua yako inayofuata, ndugu ZiziKubwa, ni kupata uthibitisho mmoja usio na shaka kabla ya kutumia fedha kulipima kundi zima. Miongoni mwa wanaohema chagua aliyedhoofu zaidi, ambaye kwa vyovyote hataishi, umwombe daktari wako amwondolee mateso na kuufanyia uchunguzi mzoga ukiwa bado mpya. Mzoga uliolala juani mchana kutwa hauna faida kwetu.

Mapafu yenye ugonjwa uliokomaa yanaweza kuwa na uzito mara tatu ya yale ya kawaida. Mtaona sehemu ngumu za kijivu au za zambarau, zenye mpaka ulio dhahiri kati yake na pafu zima, na zikikatwa uso wake ni wa chembechembe, unaotoa majimaji ya povu ukibonyezwa. Kosa linaloharibu sampuli nyingi zinazotufikia ni kukata kipande kimoja tu, tena katikati ya sehemu iliyooza kwa nimonia. Hapo tunaona usaha, tunaandika nimonia, na saratani iliyo pembeni inapita bila kujulikana. Kateni vipande kutoka sehemu kadhaa za mapafu yote mawili, na kila kipande kichukue mpaka wenyewe, nusu gumu na nusu lenye hewa. Chukueni pia tezi za limfu zilizo kati ya mapafu, kwa kuwa uvimbe huu wakati mwingine husambaa hadi huko. Kila kipande kisizidi unene wa sentimita moja, kiwekwe kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi tishu zisioze) ya asilimia 10 yenye ujazo mara kumi ya tishu, kwenye chombo chenye mdomo mpana. Vipande vingine vibaki bila dawa, vipoozwe kwa barafu, kwa ajili ya PCR ya tishu na kuotesha bakteria. PCR ya tishu ya uvimbe ni tofauti mno na ile ya damu, kwa kuwa ndani ya uvimbe kirusi kimejaa tele.

Na tafadhali, kwenye fomu msiandike tu "kondoo amekufa." Andikeni umri wake, muda aliokonda, dawa alizopewa na kama kuna wengine wenye hali hiyo, kisha muombe waziwazi kwamba jaagsiekte na maedi zitafutwe. Matokeo ya kwanza yakitoka hasi wakati mapafu yalionekana hivyo, pelekeni mzoga wa pili na wa tatu kabla ya kuliondoa wazo hili.

ZiziKubwa amejibu:

Nimeelewa. Kuna majike wawili walio mahututi, na daktari wetu amekubali kuja na vyombo vya formalini. Madume nimewasimamisha hadi muuzaji akubali wapimwe kwa ultrasaundi. Majibu ya tishu yakifika nitayaweka hapa pamoja na picha za mapafu.